Kilichoyeyushwa Uani

Barabara ile ilikuwa nyembamba, na maduka yake yalibanana kama meno ya kitana. Kati ya kinyozi na muuza viatu palikuwa na kibanda cha mabati cha fundi mmoja aliyeitwa Mawimbi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Wateja walimwita Mawimbi kwa kuwa hakuwahi kuletewa redio iliyopoteza mawimbi akashindwa kuyarudisha. Meza yake ilikuwa imejaa makovu ya moto wa kulehemu, rafu zake zilielemewa na redio, runinga na pasi, na pembeni palikuwa na kiti kirefu kimoja ambacho hakuna mteja aliyethubutu kukikalia. Kiti hicho kilikuwa cha binti yake wa pekee.

Binti huyo walimwita Chiriku, na jina lilikuwa limempata mwenyewe. Alianza kusema kabla hajajua kutembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza ila akiwa usingizini. Hata huko, mama yake aliapa kwamba humsikia akijadiliana na watu wa ndotoni. Mteja akiingia, Chiriku ndiye aliyempokea. Angetega sikio kwenye redio mbovu, akunje uso kama daktari, kisha aseme, "Hii ina mafua. Itapona kesho." Akiletewa runinga iliyokataa kuwaka, angeipigapiga mgongoni na kutangaza, "Hii haiumwi. Imenuna tu. Mlikuwa mnaigombeza?" Wateja walicheka mpaka wakasahau kulalamikia bei. Mawimbi naye angeinua macho kutoka kwenye kazi yake, amtazame mwanawe, na kifua kimpanuke kwa fahari.

Siku njema hazikudumu. Ng'ambo ya barabara lilifunguliwa duka kubwa la vioo kutoka chini hadi juu, lenye taa zilizowaka hata mchana wa jua kali. Mlangoni lilitundikwa tangazo: LETA KIBOVU, UONDOKE NA KIPYA. Watu walimiminika kama mchwa waliosikia mvua. Wale wale waliokuwa wakimletea Mawimbi redio za baba zao, wakizibeba kwa mikono miwili kama watoto wachanga, sasa walipita mbele ya kibanda chake wakiwa na maboksi kichwani, wakijifanya hawakumwona.

Siku moja alimsimamisha mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka mingi.

"Mwalimu, ile runinga yako mbona hukuileta? Niliahidi kuitazama."

Mwalimu alikuna kichwa. "Fundi, nisamehe. Nimepiga hesabu, bei ya kuitengeneza na bei ya kununua mpya zimekaribiana mno. Na hii mpya ni nyembamba kama karatasi."

"Na ikiharibika?"

"Nitanunua nyingine," mwalimu alisema, akacheka kwa aibu, akashika njia.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vimebadilika tabia. Vilikuja vimegandishwa kwa gundi, havina hata skrubu moja ya kumkaribisha fundi, na ukivifungua umekwisha kuvivunja. Nyuma ya lile duka la vioo palianza kuota kilima cha runinga zilizopasuka, simu ambazo hazijatimiza mwaka, feni, majiko ya umeme na betri za kila namna. Kilima kilipanda kama kichuguu, na kibanda cha Mawimbi kilizidi kuwa kimya. Alikaa kutwa akisubiri mteja, jioni akaambulia patupu. Nyumbani mkewe alikuwa mjamzito, na mitungi ya nafaka ilikuwa imeanza kutoa mwangwi.

Hapo ndipo alipokuja Mizani. Huyu alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyezunguka mitaani kwa lori dogo lenye mizani ikining'inia nyuma. Aliegemea mlango wa kibanda, akazitazama zile rafu zilizolala vumbi.

"Fundi," alisema, "mbona umekaa ukingoni mwa kisima huku unalia kiu?"

"Kisima gani?"

Mizani alielekeza kidevu ng'ambo ya barabara. "Kile kilima. Watu wanatupa, wewe vunja. Nyaya zina shaba ndani, na betri zina madini ya risasi. Choma, yeyusha, niite. Kutengeneza ilikuwa kazi ya jana, ndugu yangu. Kazi ya leo ni kuvunja."

"Mimi ni fundi," Mawimbi alijibu kwa ukali. "Mikono hii ilifundishwa kufufua, siyo kuzika."

"Sawa," Mizani alisema, wala hakukasirika. "Tumbo lako likishakubali ushauri, litakuambia uniite."

Tumbo halikuchelewa. Kabla mwezi haujaandama, Mawimbi alikifunga kibanda chake, akahamishia kazi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ua mdogo uliozungushiwa ukuta wa matofali, wenye bomba la maji upande mmoja na kitalu cha mchicha cha mkewe upande wa pili. Mwanzoni alichoma nyaya tu. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukipanda kama mkia wa ng'ombe. Baadaye aliingia kwenye betri: za magari, za pikipiki, za sola, na zile kubwa nzito kama majeneza ya paka. Alizipasua kwa shoka, akayamwaga maji yake chini ya ukuta, akazitoa sahani za ndani na kuziyeyusha katika sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Risasi iliyeyuka ikang'aa kama fedha. Aliikinga kwenye bati lililokunjwa, ikaganda, Mizani akaja kuichukua. Kilichobaki kilikuwa vumbi la kijivu, laini kama unga, ambalo alilifagia akalisukumia pembeni.

Neema ikabisha hodi. Mlo wa siku ukarudi kuwa wa uhakika. Likaja jokofu jipya, ikaja runinga pana kama mlango, zikaja na simu mbili, yake na ya mkewe, na zile za zamani zilizokuwa bado zikiita vizuri zikarushwa uani zivunjwe pamoja na takataka nyingine. Vyote alivinunua katika duka lile lile la vioo lililomnyang'anya wateja. Chiriku alipata viatu vinavyowaka taa kila anapokanyaga, akapita mtaa mzima akikanyaga kwa nguvu na kuwaeleza majirani jinsi umeme unavyopenda miguu yake.

Mawimbi hakuwa baba mzembe. Alijua kwamba kazi yake ilikuwa na moto na moshi, kwa hiyo aliweka sheria. "Jiko likiwaka, wewe ndani," alimwambia Chiriku, "na mlango ufungwe." Mtoto alitii, ingawa aliendelea kuhutubia kupitia tundu la ufunguo. Moto ukizimwa, mlango ulifunguliwa, naye alitoka mbio akamrukia baba yake shingoni. Mawimbi alimbeba vile vile alivyokuwa, na koti lake la kazi lililogeuka kijivu. Mtoto alilaza shavu kwenye lile koti na kusimulia yote yaliyompita siku hiyo. Koti lenyewe mama yake alilifua katika beseni moja na magauni ya mtoto. Na Mawimbi alipokwenda kulala kidogo mchana, Chiriku alichuchumaa kwenye lile vumbi laini pembeni mwa ua, akalitia maji, akakanda keki za kuchezea na kuzilambalamba kama mpishi anayeonja chumvi.

Wa kwanza kuona kwamba mambo yanakwenda mrama alikuwa jirani wa nyuma ya ukuta, mshonaji mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Cherehani. Alikuja asubuhi moja amembeba bata kwa miguu, kichwa cha bata kikining'inia.

"Mwanangu," alisema, "huyu ni wa mwisho. Wote wamekwisha. Walikuwa wakinywa yale maji yanayochuruzika chini ya ukuta wako."

"Pole, Bibi. Nitakulipa."

"Sijaja kudai. Nimekuja kusema. Kinachoua bata hakimuulizi kiumbe ana miguu mingapi."

Mawimbi alicheka. "Bibi, moshi haujawahi kumuua mtu. Wewe umepika kwa kuni tangu usichana wako, na bado una nguvu za kunigombeza asubuhi yote hii."

Bibi Cherehani alicheka kidogo bila kutaka, kisha uso wake ukarudi pale pale. "Kuni nazijua," alisema. "Hizi zako sizijui. Wala wewe huzijui." Akamchukua bata wake akaondoka.

Mchicha nao ulikauka. Kwanza majani yalipata madoa, halafu shina likawa jepesi kama kiberiti kilichoungua. Mkewe, Mama Chiriku, alikuwa mwanamke mpole ambaye maneno yake yalihesabika, lakini siku aliyoung'oa ule mchicha aliyasema yote.

"Baba Chiriku, ihamishe kazi hii. Nje ya mji kuna uwanja, wenzako wanachomea huko."

"Huko kuna wezi. Nikiacha betri usiku mmoja, asubuhi nitakuta nyayo tu. Na uwanja una kodi."

"Basi isimamishe mpaka nijifungue. Kichwa kinaniuma kila siku, na mdomo wangu una ladha ya msumari."

"Nimalize mzigo huu kwanza, mke wangu. Mzigo huu tu."

Mzigo huo ulikwisha, ukaja mwingine, na huo nao ukawa mzigo huu tu. Mama Chiriku hakusema tena. Alianika nguo zake ndani, akafunga madirisha, akajikaza kisabuni.

Mimba iliharibika ikiwa imekaribia kutimia. Majirani walikuja, wakaketi kwenye mkeka, wakasema maneno ambayo watu husema: ni mipango ya Mungu, mtoa ndiye mchukuaji. Mawimbi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili kwa kuwa yalimpa nafuu. Mkewe aliyasikiliza macho yakiwa kwenye mlango wa ua. Jiko lilizimwa kwa juma moja la msiba, kisha likawashwa.

Wakati huo Chiriku alikuwa ameanza darasa la kwanza. Alilalamika tumbo, wakampa dawa ya minyoo. Akawa halali, akawa mkali, akamng'ata mwenzake shuleni. Rangi ikampauka. Siku moja mwalimu wake wa darasa alimwita Mama Chiriku.

"Mama, mliniambia mtoto huyu ni msemaji."

"Ni msemaji mno, mwalimu. Labda anakuonea haya."

"Mwanzo wa muhula alijua herufi zote. Juzi nimemwandikia ile ya kwanza kabisa, akaitazama kama mtu anayetazama uso anaoujua lakini jina limempotea. Mpelekeni hospitali."

Mama Chiriku alirudi nyumbani akimtazama binti yake kama anayemwona upya. Ni kweli, nyumba ilikuwa imetulia. Zile hotuba za tundu la ufunguo zilikuwa zimefupika mpaka zikawa maneno mawili, kisha moja. Walidhani mtoto anakua, anapata adabu. Hakuna aliyekuwa ameuona ukimya ule ulivyokuwa ukiingia, kama vile mtu asivyouona mwanya wa dari mpaka siku inapovuja.

Kesho yake asubuhi, mama akiwa anamvalisha sare, Chiriku alikakamaa. Macho yalipinduka, meno yakabana, mwili ukatikisika kama jani. Mawimbi alimbeba akakimbia naye mpaka hospitali bila viatu, mkewe nyuma yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimpima mtoto, akamtuliza kwa sindano, kisha akawageukia wazazi.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Mawimbi alitokwa na kijasho chembamba. Juma lililotangulia, gari la halmashauri lilikuwa limepita na kipaza sauti likitangaza kwamba wanaoyeyusha betri kwenye makazi ya watu watakamatwa. Mkewe alimtazama. Yeye alitazama sakafu.

"Fundi redio," alisema.

"Nyumbani kuna kemikali yoyote? Rangi, dawa za wadudu, betri?"

"Hakuna, daktari."

Daktari aliandika. Mama Chiriku alifumbua mdomo, Mawimbi akamgusa mkono, naye akaufumba. Mtoto alitibiwa homa na degedege, akakaa wodini siku chache mbali na ule ua, akapata nafuu, hata akaomba maji kwa sauti. Mawimbi alifurahi kama aliyepewa mtoto mara ya pili. Njiani alimwambia mkewe, "Umeona? Ilikuwa homa." Wakamrudisha Chiriku katika nyumba ile ile, na kwa kuwa Mizani alikuwa amekwisha kupiga simu mara kadhaa, jiko likawashwa tena.

Safari ya pili kifafa hakikuachia. Kilimshika Chiriku saa za mapema, akiwa amekaa kizingitini, na walipofika hospitali kilikuwa bado kinamtikisa. Madaktari walimzunguka, mlango ukafungwa. Baba na mama waliachwa kwenye benchi. Mawimbi aliinamisha kichwa, mikono ya kijivu ikiwa imeshika magoti ya kijivu, na kila alipotikisa mguu vumbi jembamba lilidondoka kwenye sakafu nyeupe ya hospitali.

Mama Chiriku aliliangalia lile vumbi. Daktari alipotoka, alisimama kabla mumewe hajainua uso.

"Daktari, mume wangu si fundi redio. Alikuwa. Sasa anayeyusha betri uani kwetu, hatua chache kutoka tunapolala."

"Mngeniambia siku ile," daktari alisema, halafu hakuimaliza sentensi yake. Aligeuka akarudi ndani kwa haraka.

Damu ya mtoto ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa, ya mama pia, ya baba pia. Majibu yalipokuja, daktari aliwaita ofisini, akavuta kiti akakaa upande wao wa meza.

"Ni risasi," alisema.

"Risasi?" Mawimbi aliuliza.

"Si ya bunduki. Ya bunduki tungeitoa kwa kisu. Hii inaingia polepole, kwa vumbi, kwa moshi, kwa mikono, inakwenda kukaa kwenye mifupa na ubongo. Mtu mzima humchukua muda. Mtoto ubongo wake bado unajengwa."

"Lakini nilimkataza kutoka moto ukiwaka! Nilifunga mlango mwenyewe!"

"Ulikuwa unambeba ukiwa na nguo za kazi?"

Mawimbi aliitazama mikono yake.

"Nguo hizo zilikuwa zikifuliwa wapi?"

Mama Chiriku alijifunika uso kwa khanga. Kutoka ndani ya khanga sauti yake ilitoka ndogo sana. "Na ile mimba, daktari?"

Daktari aliushika mkono wake. Alisema, "Risasi ya mama humfikia mtoto tumboni. Siwezi kuapa, mama. Lakini siwezi kukataa pia."

Mawimbi aliyasikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Aliwaza bata, aliwaza mchicha, aliwaza mzigo huu tu. Mtu mzima akalia mbele ya wanawake wawili, kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemnyamazisha.

Chiriku hakufa. Walimpa dawa ya kuvuta sumu kwenye damu, wakampa mwezi hadi mwezi, na kifafa kikaacha kumsumbua. Lakini daktari hakuwadanganya: kilichokwisha kuharibika ubongoni hakiwezi kulehemiwa. Mtoto alitoka hospitali akitembea kwa kuburuta mguu mmoja, akitabasamu akimwona mama yake, akielewa mengi kuliko watu walivyodhani, na akiwa hana neno mdomoni.

Wakaguzi walikuja wakapima udongo wa ua, wakaufunga mlango kwa utepe. Jokofu, runinga, magodoro na nguo, vyote vilikuwa vimelala chini ya vumbi, vikachukuliwa. Familia ikahamia chumba kimoja mtaa wa mbali. Kabla ya kuhama, Mawimbi alikwenda kwa Bibi Cherehani, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bibi, nilikucheka."

"Ulinicheka," Bibi alikubali. Alisogeza kitambaa alichokuwa akishona, akampisha mahali pa kukaa. "Nami nimeomba usiku na mchana kwamba nionekane mjinga. Ningefurahi sana, mwanangu, kama mimi ndiye ningekuwa mjinga."

Mawimbi alimtafuta Mizani pia, akamkuta akipakia mzigo mahali pengine. Alikuwa na maneno mengi ya kumrushia, lakini Mizani alimwahi. "Fundi, nimesikia, pole sana. Ila mimi hununua tu. Sikumwambia mtu ayeyushie mahali mwanawe anapolala." Mawimbi aligeuka akaondoka, maana kwa uchungu wote aliokuwa nao hakupata uongo wa kumkamata nao.

Mkewe hakumwacha. Mawimbi alimwuliza siku moja, kwa sauti ya mtu anayengoja hukumu, kama angependa kurudi kwao. Mama Chiriku alikuwa akimlisha binti yake kwa kijiko.

"Sikuachi," alisema bila kugeuka. "Mtoto anakuhitaji. Lakini usiniombe nisahau."

Miaka ikasogea. Mawimbi alijishikiza kwenye karakana ya baiskeli, kazi ya kipato kidogo, akajifunza kuvua nguo zake za kazi nje na kunawa mpaka viwikoni kabla ya kuvuka kizingiti. Jioni alimtembeza Chiriku mkono kwa mkono. Yeye ndiye aliyesema sasa. Alimweleza kila kilichompita siku hiyo, baiskeli zipi zilinuna na zipi zilikuwa na mafua, na mtoto alisikiliza kichwa kimeinama upande. Mara nyingine alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kile kile cha zamani. Ndicho kilichomkata baba yake maini kuliko ukimya.

Jioni moja wakitembea hivyo, Mawimbi alisikia harufu. Aliijua kabla pua haijamaliza kuivuta. Ilitoka kwenye ua wa nyumba ya pembeni, uliokuwa wazi, na ndani yake kijana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, sufuria juu yake. Mgongoni, katika mbeleko, alikuwa na mtoto mchanga aliyelala. Ukutani zilipangwa betri.

"Kijana," Mawimbi aliita, "zima moto huo."

Kijana aligeuza shingo. "Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Hiyo unayoyeyusha ni sumu. Mwondoe mtoto hapo."

"Aa, mzee, mama yake yuko sokoni, nitamwacha na nani? Na kazi zenyewe zimekwisha, viwandani siku hizi mashine ndizo zinazoajiriwa. Hii ni ya muda tu. Nikimaliza mzigo huu naacha."

Mawimbi alihisi kama mtu aliyepigwa kofi na mkono wake mwenyewe. Kijana, kwa kuwa alilelewa vyema na hakutaka kumwudhi mzee, alimtabasamia msichana aliyesimama pale akiwa ameshika mkono wa baba yake.

"Hujambo, mdogo wangu. Unaitwa nani?"

Chiriku alimtazama. Midomo yake ilifunguka, ikajaribu umbo moja, ikajaribu jingine. Mishipa ya shingo ilimtoka kwa juhudi. Hakikutoka kitu. Kijana aliendelea kutabasamu akingoja, kisha tabasamu likaanza kumkauka usoni, akamwangalia mzee, akaiangalia mikono ya mzee yenye alama za kuungua zilizofanana na zake.

"Anaitwa Chiriku," Mawimbi alisema polepole. "Alikuwa akisema kutwa nzima. Mimi nilikuwa na ua kama huu. Nami nilikuwa namalizia mzigo."

Mtoto wa mgongoni alijinyoosha, akapiga miayo, akageuzia uso wake upande wa moshi. Kijana aliinuka ghafla, akachukua ndoo akaumwagia moto maji yote. Jivu liliruka, naye akarudi nyuma akimkinga mwanawe kwa viganja vyote viwili. Kama kesho yake aliuwasha tena au la, Mawimbi hakujua, maana njaa nayo ina ushauri wake. Alimshika binti yake mkono wakaendelea na njia, yeye akimsimulia habari za baiskeli, sauti ikimkatika-katika.

Duka la vioo lingali linawaka taa, na kilima nyuma yake kingali kinapanda. Waliotupa vitu vile hawajui vilikwenda wapi. Anayejua ni mtu mmoja aliyekwenda kuviokota kwa hiari yake, akaonywa akacheka, akaulizwa akaficha, na alichokivuna hakukila peke yake: alikila na mkewe, akakila na mtoto asiyezaliwa, akakila na binti yake aliyempenda kuliko roho yake. Wahenga hawakukosea hata kidogo waliposema kwamba mchuma janga hula na wa kwao.